Konrad Lorenz: Bingwa wa Samaki Aliyelisahau Somo Lake

Wazee wetu wa Lamu walipokuwa wakijenga nyumba zao za mawe, hawakuwasahau samaki. Ndani ya hamamu mlijengwa birika la maji, na chini kabisa, katika sakafu ya birika hilo, fundi alichimbia bakuli la kauri lililoletwa kwa majahazi kutoka Uchina. Maji yalipopungua, samaki wadogo waliokuwamo walipata mahali pa kujihifadhi bakulini mpaka birika lijazwe tena. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Basi yule anayedhani kwamba kuweka samaki nyumbani ni mtindo tulioletewa juzijuzi na wageni, na aende akazitazame nyumba hizo kwanza.

Samaki wa birikani walikuwa na kazi yao. Mimi nilipoanza kufuga hapa Mombasa niliwataka wa kutazamwa tu, na hapo ndipo makosa yangu yalipoanza. Nilikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa futi mbili na nusu, changarawe chini, majani ya majini, na samaki kumi na wawili wadogo wale waitwao gapi, ambao madume yao yana mikia mipana kama pepeo. Walikaa kwa amani miezi mitatu. Kisha siku moja ya Jumamosi nilipita kwenye duka moja nikaona samaki wawili wekundu kama kaa la moto, madoa ya buluu yakimeta mwili mzima. Muuzaji aliniambia kwamba hao hukaa na yeyote. Nikalipa, nikawatia katika tangi jioni ileile bila kuuliza zaidi.

Kufika Ijumaa gapi walikuwa wamebaki wanne, na mikia yao imeraruka. Hilo sikulistaajabia sana, kwani mwenye kinywa kikubwa humla mwenye mwili mdogo. Lililonishangaza ni jambo jingine. Mmoja wa wale wekundu alikuwa amejibana pembeni juu kabisa ya maji, magamba yametoka ubavuni, na mwenziwe akimwinda kwa ukali kuliko alivyowawinda gapi. Wiki ya pili alikufa. Akabaki mmoja tu, akizunguka tangini peke yake kama sultani aliyefukuza raia zake wote. Nikajiuliza: mbona ukali wake mkubwa ulimshukia ndugu yake wa rangi moja?

Jawabu la swali hilo nililipata katika maisha ya mtu mmoja wa Austria aliyekufa zamani, Dakta Konrad Lorenz. Leo nataka nikusimulie habari zake, msomaji, kwa sababu mna faida kwa kila mwenye tangi la samaki nyumbani, na mna onyo pia kwa asiyefuga hata kuku.

Lorenz alizaliwa mjini Vienna tarehe 7 Novemba 1903. Baba yake, Adolf Lorenz, alikuwa daktari wa mifupa aliyejulikana Ulaya na Marekani, na alikuwa karibu kutimiza miaka hamsini mtoto huyu alipokuja. Familia ilikuwa na nyumba kubwa katika kijiji cha Altenberg, karibu na mto Danube, mahali penye vidimbwi, matope na vichaka vya kila namna. Mtoto aliletewa wanyama na wazazi walivumilia. Siku moja baba yake alirudi kutoka matembezini msituni na mnyama mmoja mdogo mwenye umbo la mjusi, mweusi mwenye madoa, wa wale waishio nchi kavu lakini wakazaa majini. Alimpa mwanawe kwa sharti kwamba baada ya siku tano amwachilie. Kabla ya siku hizo kwisha mnyama alizaa watoto arobaini na wanne! Yaya wa nyumbani, mwanamke aliyekuwa na mkono mwema kwa wanyama, aliwalea mpaka kumi na wawili wakakua. Lorenz alipokuwa mzee alilihesabu tukio hilo kuwa miongoni mwa mambo yaliyomwonyesha njia.

Alipokuwa kijana wa skuli alikuwa na rafiki mpenda samaki mwenziwe, jina lake Bernhard Hellmann. Naomba msomaji alishike jina hilo, maana tutalirudia. Hellmann alikuwa na samaki dume wa Amerika ya Kusini, wa ukoo mmoja na perege wetu. Dume huyo alikuwa amekaa peke yake muda mrefu, na kila samaki wa namna yake aliyetiwa naye alimuua, awe dume awe jike. Basi Hellmann, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, alimwekea kioo cha kujitazamia. Samaki akaiona sura yake, akadhani ni adui, akapigana nacho mpaka akachoka hoi. Mara tu baada ya hapo alipotiliwa jike hakumgusa kwa ubaya, bali alianza kumposa. Kijana alikuwa amegundua kwamba ghadhabu ya samaki yule ilijikusanya ndani yake kama maji katika mtungi, na kwamba iliweza kumwagwa mahali pengine. Lorenz hakulisahau jaribio hilo la rafiki yake, na baadaye alijenga juu yake sehemu kubwa ya elimu yake.

Baba alitaka mwanawe awe daktari kama yeye. Mwana alitii. Mwaka 1922 alipelekwa kusoma New York kwa muda mfupi, akarudi Vienna, na mwaka 1928 akapata shahada ya udaktari. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amemwoa Margarethe Gebhardt, waliyejuana tangu utotoni, naye pia alikuwa daktari. Lakini moyo wa Lorenz ulikuwa Altenberg, na mwaka 1933 akachukua shahada ya pili, ya elimu ya wanyama. Huko nyumbani alifuga kunguru wadogo wa Ulaya waliokaa darini, na mabata bukini waliomfuata kila alikokwenda. Aliuonyesha ulimwengu kwamba kifaranga cha bata bukini kikitoka yaini humfuata yule wa kwanza anayekwenda mbele yake, na kama huyo ni mwanadamu mwenye ndevu, basi mwenye ndevu ndiye mama.

Mwaka 1936 alikutana na mtaalamu wa Kiholanzi, Niko Tinbergen, wakapendana kama ndugu. Mwaka uliofuata Tinbergen alikuja kukaa Altenberg wakafanya kazi pamoja. Tinbergen naye alikuwa mtu wa matangi. Huko Leiden alifuga samaki wadogo wa Ulaya wenye miiba mgongoni, ambao madume yao huwa na tumbo jekundu wakati wa kujenga viota. Aliona kwamba dume hushambulia chochote chekundu kinachoingia katika mtaa wake, hata kipande cha mti kilichopakwa rangi. Hata gari jekundu la posta lilipopita nje ya dirisha, madume yaliruka upande ule wa kioo kutaka kulipiga! Nilipolisoma hilo nilimwelewa sultani wangu mwekundu. Kwake yeye, rangi ya ndugu yake ilikuwa bendera ya vita.

Hapa sasa tunafika mahali pagumu, na si haki kupaficha. Mwezi wa Machi 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria. Mwaka uleule Lorenz aliomba mwenyewe kuingia chama cha Nazi. Mwaka 1940 aliandika makala akidai kwamba kama vile mnyama wa kufugwa apotezavyo sifa za babu zake wa mwituni, ndivyo watu wa mijini wanavyoharibika, na kwamba taifa halina budi kuwaondoa wale walioharibika. Mwaka huohuo alipewa uprofesa katika mji wa Königsberg. Mwaka 1941 aliingizwa jeshini, na mwaka 1942 akiwa Posen, katika nchi ya Poland iliyotekwa, alishiriki katika uchunguzi wa watu waliozaliwa na Wajerumani na Wapolandi, kupimwa kama tabia zao zinafaa au hazifai. Mtu aliyejua kuchagua samaki wa kukaa pamoja alikuwa amekubali kuwachagua wanadamu.

Na rafiki zake? Tinbergen alikamatwa na Wajerumani mwaka 1942, baada ya yeye na wenzake wa Leiden kupinga kufukuzwa kwa maprofesa wa Kiyahudi, akawekwa kizuizini miaka miwili. Bernhard Hellmann, yule kijana wa kioo, alikuwa amehamia Uholanzi. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1943 alipelekwa katika kambi ya Sobibor na huko akauawa.

Lorenz mwenyewe alitekwa na Warusi mwaka 1944 karibu na mji wa Vitebsk, akakaa mateka karibu miaka minne, sehemu ya muda huo katika nchi ya Armenia. Aliwatibu mateka wenziwe, na usiku aliandika kitabu juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Alirudi nyumbani mwezi wa Februari 1948, akiwa na maandishi yake na ndege aina ya kwenzi aliyemfuga kambini.

Mwaka 1949 alitoa kitabu kidogo kilichomfanya ajulikane hata na watoto. Kwa Kiingereza kiliitwa kwa jina la pete ya Mfalme Suleiman. Sisi tuliolelewa na visa vya Nabii Suleiman na ndege na sisimizi hatuhitaji kufafanuliwa jina hilo. Lorenz alisema kwa mzaha kwamba yeye aliweza kuzungumza na baadhi ya wanyama bila ya pete. Humo mna mlango mzima juu ya tangi la samaki wa maji baridi. Anaeleza kwamba halihitaji mali: mchanga, majani machache, maji, na subira ya siku kadhaa kabla ya kutia samaki wa kwanza. Tangi, kwa maelezo yake, ni kijiji chenye mizani. Majani hutoa hewa, samaki huitumia, taka zao huyalisha majani. Mizani hiyo huangushwa na jambo moja dogo, tamaa ya mwenye tangi kuongeza samaki mmoja tu wa ziada. Hewa haitoshi, mmoja anakufa, anaoza, hewa inazidi kupungua, na baada ya siku chache kijiji chote kimekwisha.

Katika kitabu hicho nilimkuta pia samaki wangu mwekundu. Asili yake ni mito ya Afrika Magharibi, na Lorenz alimpenda mno. Anasimulia kwamba jioni moja dume la samaki hao lilikuwa likikusanya watoto waliopotea, likiwabeba kinywani kuwarudisha kiotani wakalale. Njiani likaona mnyoo, likaudaka. Kabla halijautafuna likamwona mtoto mwingine amepotea, nalo likamdaka vilevile. Sasa kinywani mlikuwa na vitu viwili, kimoja cha kwenda tumboni na kimoja cha kwenda kitandani. Dume lilisimama kimya, mashavu yamejaa. Kisha likavitema vyote viwili. Likaula mnyoo taratibu huku jicho li kwa mtoto, na lilipomaliza likamchukua likampeleka kwa mama yake. Watu waliokuwa wakitazama walipiga makofi. Nilipomaliza kusoma niliinua macho nikamtazama muuaji wangu. Hakuwa mwovu hata kidogo. Alikuwa mzazi hodari asiyepewa nafasi ya kutosha.

Mwaka 1963, akiwa mkuu wa taasisi ya utafiti huko Seewiesen katika Ujerumani, Lorenz alitoa kitabu kingine kikubwa juu ya ghadhabu. Alikianza na samaki wa matumbawe, wenye rangi kali kama za kina kitatange wa miamba yetu. Alikuwa amewatazama baharini Florida na katika matangi makubwa, akihesabu nani anamuuma nani. Akaona kwamba samaki humuuma wa namna yake mara nyingi kuliko anavyowauma wageni. Sababu yake ni riziki. Mgeni hula kingine na hulala pengine, lakini wa namna moja naye anataka chakula kilekile, shimo lilelile na jike lilelile. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na samaki walilijua neno hilo kabla yetu.

Kutokana na hayo, na kutokana na hasara zangu, nimejifunza kanuni kadhaa za kumchagua mgeni wa kutia tangini.

Kwanza, uliza kama ni samaki wa kujimilikia mtaa au wa kwenda kundi. Dume la samaki mpiganaji wa Siam lisiwe na dume mwenziwe, wala yule mweusi mwenye mkia mwekundu, naye pia asili yake Siam, asitiwe wawili katika tangi dogo. Kinyume chake, neoni wa Amazoni na kambare wadogo wa kuchakura chini wataka wawe sita au zaidi. Ukimweka mmoja peke yake ataishi kwa hofu mpaka afe.

Pili, tazama kinywa, na tazama atakavyokuwa mwakani. Yule mrefu wa mapezi aitwaye malaika hununuliwa akiwa mdogo kama sarafu, kisha akikua huwameza neoni aliokua nao. Wapo pia wenye tabia ya kudokoa mapezi ya wenziwe, kama wale wadogo wenye milia myeusi ya chui milia. Usiwatie pamoja na gapi wala malaika.

Tatu, uliza maji ya kwao. Neoni hutoka katika maji laini. Samaki wa Ziwa Tanganyika hutoka katika maji magumu yenye madini mengi. Maji ya visima vyetu vilivyochimbwa katika matumbawe ni magumu, huwafaa gapi na huwachosha neoni. Samaki wa dhahabu naye hupenda maji ya baridi zaidi, hukua mkubwa na hutoa taka nyingi. Na maji ya mfereji yenye dawa yaache kwanza yakae wazi siku moja au mbili.

Nne, usimwingize mgeni kwa pupa. Mweke kando katika chombo chake wiki mbili tatu uone kama ana maradhi. Siku ya kumtia, elea mfuko wake juu ya maji mpaka joto lilingane, umchanganyie maji ya tangi kidogo kidogo, na ubadilishe mahali pa mawe na majani. Wenyeji wakiona mitaa yao imevurugika, wote huwa wageni siku ile, na ugomvi hupungua. Kosa la kuongeza samaki mmoja si dogo. Katika Ziwa Viktoria walitiwa mbuta miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 mamia ya namna za samaki wadogo wa ziwa hilo walikuwa wamepotea.

Turudi kwa Lorenz. Katika kitabu kile cha 1963 hakuishia kwa samaki. Alitaka kumweleza na binadamu, kwamba ghadhabu hujaa ndani yetu kama ilivyojaa ndani ya samaki wa Hellmann. Wataalamu wengi walimpinga, na wengi hawaikubali hoja hiyo mpaka leo. Mimi si mtaalamu, lakini naona wana haki. Samaki yumo ndani ya kioo, hana pa kwenda, na rangi ya mwenziwe humwamuru. Mtu hakufungwa hivyo. Tinbergen alizaliwa zama zilezile, akatazama samaki walewale, na zamu ilipofika akasimama upande wa wenziwe waliofukuzwa.

Mwaka 1973 Lorenz, Tinbergen na Karl von Frisch walipewa pamoja Zawadi ya Nobel. Tinbergen alikuwa ameurudia urafiki wao baada ya vita. Katika habari za maisha yake alizoandika kwa ajili ya zawadi hiyo, Lorenz alijuta kwa kutumia lugha ya Manazi. Katika habari hizohizo alimtaja Hellmann na kioo chake, na kumpa haki ya ugunduzi ule. Alirudi kuishi Altenberg. Mwaka 1985 Waaustria walipopiga saini kuuokoa msitu wa mto Danube usiharibiwe na bwawa la umeme, walilipa dai lao jina lake. Alifariki tarehe 27 Februari 1989. Mwaka 2015 chuo kikuu cha Salzburg kilimvua shahada ya heshima kiliyompa mwaka 1983, kwa sababu ya yale maandishi ya zamani. Kaburini hakuweza kujibu.

Sikuandika haya ili tuvitupe vitabu vyake. Mlango ule wa tangi ningali naufuata, na gapi wangu sasa wamezaliana mpaka nawagawia majirani. Yule mwekundu nilimtafutia tangi lake mwenyewe, lenye jiwe moja na chungu kilichovunjika cha kujifichia. Jioni moja nilimwekea kioo. Alikivamia mara tatu, mapezi yamesimama, kisha nikakiondoa upesi, maana nilimkumbuka kijana wa kwanza aliyefanya vile, na mahali alikoishia.